Mahema Juu ya Malka

Mtu wa mbali akiiona malka huona uwanja mtupu, na hana kosa. Anaona ukanda mpana wa ardhi nyeupe, usio na mti wala mmea, umetoka nyikani ukapita katikati ya mashamba mpaka ukingoni mwa Tana, naye anasema, mbona hapa pamekaa bure. Lakini Kaingu si mtu wa mbali. Kaingu ni mdogo wa marehemu mume wangu. Alizaliwa hapa hapa upande wa Tarasaa, na utotoni alikanyaga kinyesi cha ng'ombe katika malka hiyo kila alipokwenda kuoga mtoni. Kwa hiyo nikisema alichofanya alikifanya akijua, simsingizii.

Malka ni njia ya ng'ombe kwenda kunywa. Hii yetu iliachwa na baba mkwe wangu, Mzee Menza, alipofika kutoka kusini akitafuta mahali pa kulima. Aliwakuta Waorma na mifugo yao. Hakuwaambia wampishe. Alikaa na baba yake Dukicha, huyu anayeongoza mifugo yao leo, wakapatana: huku nalima, na kule nalima, katikati mnapita. Tangu hapo, kiangazi kikiingia ng'ombe hurudi kutoka nyikani, hunywa, na jioni hulala katika shamba lililokwisha kuvunwa. Wao wanapata maji na mabua, sisi tunapata samadi na maziwa. Hata mwaka ule wa kuchomeana nyumba, ambao sipendi kuutaja, malka yetu haikufungwa. Dahabo, dada yake Dukicha, alilala kwangu, na baadaye mimi nikalala kwake, kutegemea hatari ilikuwa upande gani.

Sasa, shamba lenyewe. Yale mafuriko makubwa yalilijaza mchanga na matope, mpunga ukazama, migomba ikaenda na maji. Mume wangu Baya alifariki mwaka uliofuata, akiwa bado anazungumza habari za kupanda. Nilibaki na miembe aliyoipanda baba yake na vichaka vya mathenge, ule mti wa miiba ambao ukigeuza kisogo tu umeota mlangoni.

Binti yangu Mitchelle ndiye aliyekuja na jambo hili. Alisomea kazi za hoteli Malindi. Akaniambia, "Mama, watu wa mjini wanatoa pesa ili wafanye kazi unayoikimbia wewe."

"Kazi gani?"

"Kuwinga ndege."

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Lakini ilikuwa kweli. Tuliunda kikundi na majirani, Wagiriama na Wapokomo, na Dahabo akaja na wanawake wenzake. Tuling'oa mathenge, tukapanda mpunga upya na ufuta upande mmoja, tukajenga dungu juu ya nguzo katikati ya shamba. Wageni wa kwanza walikuwa walimu kutoka Garsen. Tuliwapandisha kwenye dungu, tukawapa kombeo na madonge ya udongo, na watu wazima wale wakakataa kushuka kuja kula. Dahabo na wenzake walijenga nyumba yao ya mikeka karibu na mto, wageni wakaketi humo wakanywa maziwa yaliyofukizwa moshi ndani ya kibuyu. Mwanamke mmoja alikunywa akafumba macho. Nilimshukuru Mungu siku ile, nikasema laiti Baya angeona.

Ndipo akaja Kaingu na mahema. Alikuwa amefanya kazi hotelini Malindi miaka mingi, na hoteli ilipofungwa aliondoka na mahema makubwa ya kijani, ya kulaza watu, yenye vitanda na mapazia. Alisema mgeni wa mchana huacha shukrani, mgeni wa kulala huacha riziki. Kikundi kilimfanya meneja. Na mimi nilipiga makofi, nisijitoe.

Nilikwenda Kaloleni kwenye matanga ya dada yangu. Matanga ya kwetu hayaishi upesi. Niliporudi nilikuta mahema yamesimama katika malka, safu mbili zimetazamana, nguzo zimepakwa chokaa, kamba imezungushwa. Na kule mwisho wa upande wa nyika, mdomoni kabisa, matawi ya mathenge yamelazwa toka shamba hili hadi shamba lile.

"Shemeji, umerudi," Kaingu akasema. "Pole kwa msiba."

"Nimeshapoa. Nani alikwambia uweke mahema hapa?"

"Hapa ndipo pazuri. Mgeni akifungua pazia asubuhi, uso kwa uso na mto."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wako nyikani."

"Leo wako nyikani."

"Mvua itanyesha, shemeji. Na isiponyesha, kuna malka nyingine kule juu kuelekea Garsen. Wewe unawalilia kuliko wenyewe wanavyojililia."

"Wenyewe umewaambia?"

Akatoa simu mfukoni akaipeleka sikioni. Simu ya Kaingu hulia wakati anapotaka ilie.

Nikangoja. Alipoona sitoki mahali pale, akairudisha.

"Ile miiba aliilaza nani?"

"Mimi mwenyewe. Vijana niliowaita waliogopa, wakasema hawaigusi. Vijana wa siku hizi ni waoga."

Hawakuwa waoga, walikuwa na akili. Kwetu hapa miiba mdomoni mwa malka ni neno. Inasema: mimi na wewe tumemalizana. Na neno hilo halifutwi na mtu mwingine. Mkono ulioilaza ndio unaoiinua, mchana kweupe, wenye ng'ombe wakitazama. Akiinua mtu mwingine hawapiti ng'o, maana kesho yule aliyefunga anaweza kusema wamevunja ua wake, akaita askari. Kaingu alilijua hilo. Alicheza kamari tu, akitumaini mvua itamfichia.

Jioni ile Mitchelle alinionyesha tangazo katika simu. Picha ya mahema, na chini yake: Lala kando ya mto Tana, eneo tulivu lisilo na mifugo. Akasukuma kwa kidole, ikaja picha ya Dahabo ameshika kibuyu anacheka. Onja maziwa halisi ya wafugaji.

Nikamwambia, "Soma tena yote mawili, moja baada ya lingine."

Akasoma.

"Hayo maziwa yanatoka wapi, kwenye kibuyu?"

"Baba mdogo alisema ulikubali, mama."

"Alisema nilikubali."

"Alisema aliongea nawe kwa simu, ukiwa matangani."

Hapo ndipo hasira iliponikaa kifuani, na mpaka leo haijaondoka yote. Kulifunga lile alilolifungua baba yake, hilo ni lake na Mungu. Lakini kuchukua jina langu, nikiwa nimeketi chini kwenye mkeka wa dada yangu aliyekufa, akafungie nalo watu maji! Nilikwenda kwa wanakikundi nyumba kwa nyumba. Wote walikuna vichwa. Truphena, mpishi wetu, ndiye peke yake aliyesema wazi: "Mama Mitchelle, ni kweli ni vibaya. Lakini wageni wa kulala wanakuja Jumamosi. Tupitishe Jumamosi kwanza."

Vuli haikunyesha. Matone machache yalilowesha vumbi, basi. Na Ijumaa, kesho yake ndiyo siku ya wageni, jua likiwa limeanza kulala, niliona vumbi upande wa nyika nikajua.

Niliwakuta wamesimama ng'ambo ya miiba. Ng'ombe walikuwa mbavu tupu, wanasikia harufu ya mto, wanalia. Dukicha alikuwa mbele ameegemea fimbo, na Dahabo alikuwa kando yake. Vijana wao walikuwa nyuma, nyuso zimekunjwa.

"Kahaso," Dahabo akaniita. Hakusema zaidi. Kuniita tu kulitosha.

"Nilikuwa matangani," nikasema. "Sikujua. Ningesema wallahi kama ningekuwa Muislamu mwenzenu."

Akatabasamu kidogo, nikaona aibu kubwa zaidi.

Niliinama nishike tawi la kwanza. Dukicha akainyoosha fimbo yake mbele ya mkono wangu, taratibu, bila kunigusa.

"Hapana, mama. Mkono iliweka, mkono ile ile itatoa."

"Aliyeweka ni shemeji yangu. Ni wa nyumba moja na mimi."

"Wewe najua. Baya najua. Huyu aliweka, huyu atoe."

"Ile malka ya juu je?"

"Imejaa. Watu ya mbali iko huko. Na ndama hapana fika." Akageuka akawatazama vijana. "Mimi nashika hawa mpaka kesho, jua ikisimama kichwani. Baada ya hapo hapana weza. Watapita mpunga."

Sote tulijua maana yake. Wakipita mpunga, wakulima watatoka na mapanga. Na panga likitoka hapa kwetu, kurudi kwake ni kazi. Nilikwenda kwa Kaingu nikamweleza neno kwa neno. Alikuwa anatundika taa za rangi.

"Wageni wakiondoka Jumapili nitawafungulia," akasema. "Ng'ombe anaweza kuvumilia siku mbili."

"Wewe ulivumilia lini siku mbili bila maji?"

"Shemeji, sasa hivi nikitoa miiba, asubuhi mgeni anaamka na kinyesi mlangoni. Tumekwisha. Wewe mwenyewe si ndiye uliyelia shamba limekufa? Nalifufua, unanirudisha nyuma. Kesho fanya kazi yako, ombea chakula, meneja nitafanya yangu."

Nilirudi nyumbani nikapiga magoti. Sikuomba Kaingu abadilike, maana Mungu anamfahamu Kaingu. Niliomba nipewe la kufanya.

Asubuhi wageni wakafika. Walikuwa akina mama wa kanisa moja la Malindi, wamevaa vitenge sare, wanaimba tangu barabarani. Kiongozi wao aliitwa Teresia, mama mnene mwenye sauti nzito, anayeuliza kila kitu jina lake. Waliweka mizigo katika mahema, wakaenda shambani, wakapanda dungu na kurusha madonge, moja likampata Truphena mgongoni akiwa amebeba sufuria, watu wakacheka. Mimi nilikuwa nawaonyesha na kucheka nao, lakini sikio langu lilikuwa nyikani. Ng'ombe walikuwa wakilia. Mgeni mmoja akauliza ni nini kile, Kaingu akasema ni mifugo ya watu, iko mbali.

Kisha akawaleta kwenye nyumba ya mikeka. Dahabo na wenzake walikuwa wameketi humo na vibuyu vyao magotini, maana walikuwa wameahidi kuja, na Waorma hawavunji ahadi.

"Haya, akina mama," Kaingu akasema kwa sauti ya hoteli, "hapa sasa ni maziwa halisi."

Teresia akanyoosha kikombe. Dahabo akainua kibuyu akakipindua juu ya kikombe kile. Hakikutoka kitu. Mwenzake akapindua chake. Na wa tatu.

"Yamekwisha?" Teresia akauliza.

"Ng'ombe hapana kunywa," Dahabo akajibu. "Ikinywa, na wewe utakunywa."

Kaingu akacheka peke yake, akasema chakula kiko tayari, twendeni mezani.

Chakula kilikuwa kizuri, siwezi kusema uongo. Wali wa nazi, kuku, samaki wa mto, mchicha, maembe yamemenywa. Wote walisimama nyuma ya viti. Kaingu akasema, "Sasa mwenye shamba letu, mjane wa marehemu kaka yangu, mama wa imani, atatuombea."

Vichwa vikainama. Nikatazama jua. Lilikuwa limebakiza kidogo tu kusimama.

"Siombi," nikasema.

Vichwa vikainuka.

Kaingu akanisogelea sikioni. "Shemeji, unaniaibisha."

"Bado."

"Watu wana njaa."

"Na wengine wana kiu. Omba wewe, meneja."

Akatazama huku na huku. Mzee wa kanisa letu alikuwapo, akajifanya anafunga kiatu. Basi Kaingu akainua mikono, akaanza, "Baba yetu uliye mbinguni," akafika kwenye mkate wetu wa kila siku, akakwama. Tangu akiwa Malindi hakuingia kanisani ila kwenye harusi. Akarukia mwisho, akasema amina. Hakuna aliyeitikia. Watu wa kanisa hawali kwa sala iliyokatika katikati, na wale akina mama walibaki wamesimama, mikono nyuma ya viti.

"Meneja, ichote upya hiyo sala, chakula kinapoa," Truphena akasema, na mtu akapigwa kiwiko asicheke.

Teresia ndiye aliyenigeukia. "Mama, una jambo. Liseme."

Nikalisema. Sikuhutubu, nililisema kama ninavyolisema hapa: njia hii ni ya nani, ilitengwa na nani, miiba imelazwa na nani, jina langu lilitumiwa vipi, na jua likisimama kutatokea nini. Nikamaliza nikasema, "Siwezi kumwambia Mungu asante kwa meza hii wakati nasikia vilio vile. Masikio yangu ni mazima, na yake pia."

Teresia akauliza, "Hema langu liko wapi katika habari hii?"

"Katikati ya njia."

Akaondoka mezani, akaenda hemani, akatoka na begi lake kichwani. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, hakuna aliyeambiwa. Kaingu akawa anasema, "Akina mama, tafadhali, akina mama." Mitchelle akachutama kwenye hema la kwanza akaanza kufungua kamba.

"Mitchelle, acha hiyo," Kaingu akasema.

"Hizi kamba naweza, baba mdogo. Ile miiba siwezi. Nenda."

Alikwenda. Alitembea kama mtu aliyefiwa, na shati lake jeupe la kupigwa pasi, na sisi tukamfuata kwa mbali. Dukicha alikuwa pale pale alipokuwa jana. Wakasalimiana, katika ugomvi salamu haikosi. Kaingu akaokota kijiti ili asukumie matawi.

"Mkono," Dukicha akasema.

Akatupa kijiti. Mathenge haina huruma. Tawi la kwanza lilimshika mkono wa shati likachana mpaka kwapani. La pili alipiga kelele kidogo akameza. Vijana wa Dukicha walimtazama, mmoja akasema, "Meneja, pole pole, hiyo si kitanda ya hema," wakacheka, na kwa kicheko kile nikapumua mara ya kwanza tangu jana. Kijana anayecheka huyo hajashika rungu.

Aliinua yote. Sikumsaidia, na moyo haukuniuma.

Ng'ombe hawakungoja wachungwe. Waliposikia njia iko wazi walikuja kwa mbio, pembe tupu, vumbi mpaka juu ya miembe. Wanawake wa Malindi walikuwa wamekwisha kuvuta mahema pembeni, ila moja tu, lile Kaingu alilolifanya ofisi. Fahali mmoja mwekundu aliingia upande huu akatokea upande wa pili amevaa pazia. Alilivaa mpaka mtoni. Mpunga haukuguswa hata suke.

Kisha nikaomba. Niliomba kwa kifupi, maana wali ulikuwa umeganda. Waliitikia amina kwa sauti moja, na Dukicha na watu wake walikula nasi, samaki hawakuwagusa, maana si chakula cha wafugaji, ila kuku wakamla, wakiisha kuhakikishiwa kwamba aliyemchinja ni Muislamu. Wageni walilala kwangu na kwa Truphena, kwenye mikeka, wakiimba. Jumapili, kabla hawajaondoka, Dahabo alileta maziwa kidogo, Teresia akayanywa kwa zamu na wenzake, kikombe kimoja.

Ningependa kusema Kaingu alijifunza. Jumatatu alikuja nyumbani, mikono imefungwa bendeji, akaketi, akakubali chai. Nikafikiri amekuja kuomba radhi kwa jina langu. Nikaweka na mkate.

"Shemeji," akasema, "uliwaona wale wageni walivyopiga picha ng'ombe wakipita? Simu zote juu. Mitchelle ameziweka, watu wanauliza. Sasa nimefikiri. Tuwapangie saa. Ng'ombe wapite saa kumi, wageni wakiwa na chai. Mahema tunayaweka kando, kwenye shamba la ufuta, yanatazama malka. Na wale vijana wavae zile nguo zao nzuri."

Nilimtazama mtu huyu. Nilitazama bendeji zake.

"Umemuuliza nani?"

"Nakuuliza wewe."

"Ng'ombe ni wangu?"

"Malka ni yetu."

"Malka si yetu, Kaingu. Sisi tumepakana nayo. Ng'ombe atakunywa akiwa na kiu, si mgeni akiwa na chai. Mgeni akitaka kumwona, akae amngoje, kama sisi tunavyomngoja. Mahema yaende kwenye ufuta, hilo nakubali. Hayo mengine nenda kamuulize Dukicha, kwa miguu, si kwa simu. Na usifungue mdomo mpaka ng'ombe wake wamalize kunywa. Na kabla hujakwenda, kuna neno unalo la kuniambia mimi."

Alinywa chai yake yote. Alikula mkate. Akasimama akasema ufuta utabidi ufyekwe mapema, akatoka.

Ufuta umefyekwa, na mahema yako huko. Kila jioni Kaingu hukaa ukingoni na Dukicha, akingoja ng'ombe wamalize, maana Dukicha hamjibu kabla ya hapo, na baada ya hapo humwambia kesho. Neno langu bado hajaniambia. Kanisani, anakokuja siku hizi, nakaa kiti cha mbele yake, na wakati wa kupeana mkono wa amani nampa mkono, lakini jicho namtazama. Anajua namngoja.